Kuku Gani kwa Ploti ya Hamsini kwa Mia?

Hotuba kwa wafugaji wadogo wa Ruai, Njiru, Utawala na Kamulu, Nairobi

Mabibi na mabwana, wazee wetu, akina mama wa vyama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama kando ya hema: hamjambo?

Swali lililotufikia kwa karatasi ni fupi: kuku bora ni yupi? Ukiliuliza kwenye agroveti, yaani duka la pembejeo na dawa za mifugo, kuku bora atakuwa yule ambaye vifaranga wake wamebaki dukani siku hiyo. Kwa hivyo tutaligeuza kidogo. Kabla ya kutaja aina yoyote, mfugaji ajiulize mambo mawili: nani atamnunua kuku huyu au yai hili, na chakula kitatoka wapi. Katika kila shilingi 10 zinazotumika kufuga kuku, 6 au 7 huishia kwenye chakula. Aina unayoichagua ndiyo huamua chakula hicho kitageuka nyama, yai, au mbolea tu.

Wengi wenu mna ploti ya futi hamsini kwa mia. Ukiondoa nyumba, choo, tangi la maji na mahali pa kuegesha gari, hubaki nafasi ya banda la futi 10 kwa 20 na ua mdogo mbele yake. Banda hilo ni futi 200 za mraba. Litatosha leya (kuku wa mayai) 100 kwa futi 2 kila mmoja, au broila (kuku wa nyama) 200 kwa futi 1. Kuku wa kienyeji naye huhitaji futi 2 za ndani, na nje juu ya hapo.

Tuanze na leya, maana hesabu yake ndiyo rahisi kuikagua. Wanaouzwa sana hapa kwetu ni wa kahawia: ISA Brown, Lohmann Brown, Hy-Line Brown. Tofauti iliyopo kati ya aina hizo ni ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya mfugaji na jirani yake, kwa hiyo msikeshe mkibishana. Huanza kutaga wiki ya 18 hadi 20. Karibu na wiki ya 26 hadi 30 kuku 100 waliotunzwa vizuri hutoa mayai 90 na zaidi kwa siku, na kufikia wiki ya 72 kila mmoja huwa ametaga kama 300. Lakini kabla ya yai la kwanza huyo kuku amekula kilo 7 hadi 8 bila kurudisha hata shilingi. Wengi wanaofilisika na leya hufilisikia hapo, kuku wakiwa na miezi mitatu au minne, pesa za chakula zinapokata na mtu akaanza kuongeza pumba za mahindi ili mfuko ufike mwisho wa mwezi. Kuku wa namna hiyo huchelewa kutaga, tena kilele chake hukiona kwa mbali.

Akishaanza kutaga, leya hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Tuchukue 120. Kuku 100 watakula kilo 12, kwa hiyo mfuko wa kilo 70 hauvuki siku ya 6. Wakitaga mayai 80 kwa siku, mfuko huo mmoja umekupa mayai kama 465, yaani kreti 15 na nusu za mayai 30. Hapo una kipimo cha kubeba kichwani: gawa bei ya mfuko kwa 15, upate gharama ya chakula katika kreti moja. Kama hiyo peke yake inakaribia bei anayokupa mwenye duka, hakuna aina ya leya itakayokuokoa. Wakishuka hadi mayai 60 kwa siku, mfuko ule ule unatoa chini ya kreti 12. Kipimo hiki ndicho kinachokuambia siku ya kuwauza wakaitwe kuku wa supu. Huruma isikuambie. Na mkumbuke kwamba bei ya yai Nairobi hupanda na kushuka na malori yanayotoka Uganda. Mayai yakiingia kwa wingi, bei yetu hulala.

Jambo moja kuhusu chakula cha leya: kina chokaa nyingi kwa ajili ya gamba, karibu asilimia 3.5 hadi 4 ni madini ya kalisi. Ukiwapa kuku wa wiki 10 kwa sababu mfuko wa kukuzia umeisha, figo zao huumia, na kuku aliyeharibika figo hatibiki. Ukichelewa kuwahamishia chakula hicho wanapoanza kutaga, watachota kalisi kwenye mifupa yao wenyewe, utaokota mayai laini na kuku asiyesimama. Na mwanga: huku kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, leya aliyekomaa hufanya vizuri zaidi akipata hadi 16. Taa ndogo inatosha. Ongeza nusu saa kila wiki, na usiwashe taa hizo kwa kuku wachanga, kwani hutaga mapema wakiwa wadogo wa mwili na wengine hutokwa na utumbo nyuma. Damu ikionekana wenzake humdonoa mpaka afe.

Sasa tuje kwa kipenzi cha wengi, kienyeji iliyoboreshwa. Humu mna Kuroiler aliyezalishwa India na kutufikia kupitia Uganda, Sasso wa Ufaransa, Kenbro wa kampuni ya Kenchic, Rainbow Rooster, na yule wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha. Wote hawa wameuzwa kwa maneno matamu yanayofanana: anataga kama leya, ana nyama kama broila, anajitafutia chakula kama kuku wa nyanya yetu kijijini. Maneno hayo matatu hayawezi kuwa kweli kwa kuku mmoja siku moja. Kuroiler akilishwa vizuri hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka, na jogoo wake hufika kilo 3 na nusu. Ni kuku mzuri. Ila tupige hesabu ile ile. Kuku huyu ni mzito kuliko leya, kwa hiyo hula kama gramu 130. Kuku 100 wanaotaga mayai 47 kwa siku, ambayo ni mayai 170 kwa mwaka kila mmoja, watakupa kreti 8 na kidogo kwa mfuko mmoja wa kilo 70. Leya alikupa 15. Ndiyo kusema yai la kienyeji iliyoboreshwa lazima liuzwe karibu mara mbili ya yai la leya ili mlingane tu, kabla hujapata faida.

Mtasema: lakini huyu anajitafutia. Wapi? Kwenye ua wa ploti ya hamsini kwa mia, kuku 100 humaliza nyasi zote kwa wiki moja, na baada ya hapo wanatembea kwenye vumbi. Kuku wa kienyeji aliyefungiwa hula kama leya au broila, tofauti ni kwamba anakurudishia pole pole. Kule Kitui au Siaya, penye ekari 2 na mchwa na nafaka zilizomwagika, kuku huyo huyo hupunguziwa chakula cha dukani kwa sehemu kubwa, na huko ndiko anakolipa. Hapa Utawala atakulipa tu kama mnunuzi wako anakubali bei ya kienyeji, kwa hivyo mtafute kwanza. Hoteli za nyama na wauzaji wa soko la Burma hununua jogoo wa kienyeji akiwa hai na hulipa kwa kumwangalia, mara nyingi bila mizani: rangi zilizochanganyika, kishungi chekundu, miguu mirefu. Ndiyo maana jogoo mweupe wa kienyeji iliyoboreshwa aliyenona kifua huambiwa ni broila na hukatiwa bei, hata kama amekula miezi mitano. Ukilenga soko hilo, agiza vifaranga wa rangi mchanganyiko.

Kuna watu watakaowaambia kiini cha njano ndicho dalili ya aina. Kiini hufuata chakula. Mpe leya sukuma wiki na majani mabichi kila siku, kiini chake kitakuwa cha njano. Rangi ya gamba ndiyo hufuata aina.

Tukiwa bado kwa hawa, mambo matatu ambayo wauza vifaranga hawayataji. La kwanza, vifaranga wa kienyeji iliyoboreshwa kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa jinsia. Ukinunua 100 ukitaka mayai, tarajia majogoo karibu 50. Wapangie soko lao mapema, la sivyo watakula kilo 8 hadi 10 za chakula kila mmoja wakikusubiri uamue. La pili, hawa wengi ni chotara. Ukihifadhi mayai yao ukayaangua, watoto hawatafanana na mama wala baba: mmoja mkubwa, mmoja kibete, mwingine hatagi. Vifaranga wa bei rahisi wanaotangazwa kuwa ni Kuroiler huku wameanguliwa nyuma ya nyumba ya mtu mara nyingi ni kizazi hicho cha pili. Kuku wa KALRO ameboreshwa kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi, kwa hivyo huyu angalau unaweza kumwendeleza mwenyewe, jogoo 1 kwa majike 8 hadi 10, na jogoo abadilishwe kila mwaka asije akapanda binti zake. Utahitaji mashine ya kuangulia au kuku wa kawaida wa kuatamia, maana hamu ya kuatamia imepunguzwa ndani yake ili atage.

La tatu ni ugonjwa wa Marek. Chanjo yake hudungwa siku ya kwanza, kwenye kiwanda cha kuangulia, kabla kifaranga hajatoka mlangoni. Anayeangua kwa mashine ya mayai 88 chumbani kwake kwa kawaida hana chanjo hiyo. Vifaranga watakua vizuri, watapendeza, kisha wakiwa na miezi mitatu au minne utakuta mmoja amelala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kesho wawili, wiki ijayo sita. Watu husema ni baridi, wengine husema ni ukosefu wa vitamini. Hakuna dawa. Uliza chanjo ya Marek kabla ya kulipa, na utake iandikwe kwenye risiti.

Broila. Huyu ni wa mtu mwenye mnunuzi mkononi na mtaji mdogo unaozunguka haraka. Cobb 500, Ross 308, Arbor Acres: siku 35 hadi 42, kilo 2 akiwa hai, chakula kama kilo 3 na nusu. Akichinjwa hubaki kilo moja na robo hadi moja na nusu, uzito ambao mikahawa mingi ya mjini huutaka. Hakuna kuku mwingine anayegeuza chakula kuwa nyama hivyo. Wa kienyeji aliyefungiwa hutumia takriban mara mbili ya chakula hicho kwa kila kilo ya nyama. Kosa la broila ni kumchelewesha. Kuanzia wiki ya 6 kila kilo ya chakula huongeza nyama kidogo kuliko ya wiki iliyotangulia, na mnunuzi aliyesema njoo Jumatatu akakwambia tena njoo Ijumaa amekula faida yako bila kugusa kuku hata mmoja. Mwenye friji kubwa huchinja siku ikifika. Asiye nayo aingize vifaranga 50 kila wiki mbili badala ya 200 kwa pamoja, kila kundi kwenye chumba chake.

Na hapa Nairobi broila ana adui mwingine ambaye wafugaji wa Mombasa hawamjui: mwinuko. Tuko kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kuku huyu amezalishwa akue haraka kuliko moyo na mapafu yake. Mwezi wa sita hadi wa nane baridi inapoingia, mwili wake hudai oksijeni zaidi ya ile anayoweza kuvuta, moyo unazidiwa, maji hujaa tumboni. Utamwona wiki ya 4 au ya 5: kishungi cha zambarau, anahema, tumbo limevimba kama mfuko wa maji, na ukimpasua maji ya njano humwagika. Wenye banda huona baridi na kufunga nailoni pande zote mpaka juu. Hilo huzidisha tatizo, kwa sababu hewa inayobaki ndani ni ya amonia na unyevu. Acheni futi moja wazi juu kabisa chini ya paa, pande zote mbili, na nailoni izuie upepo usawa wa kuku tu. Wapeni joto. Na katika wiki ya 2 na ya 3 punguzeni kasi: ondoeni chakula kwa saa kadhaa usiku, au tumieni chakula cha unga badala ya kile cha punje zilizoshindiliwa. Watachelewa siku chache, ila watafika. Anayeona kazi hiyo ni nyingi aruke msimu wa baridi aweke kuku mwingine.

Kuku wa kienyeji halisi tumemwacha nyuma kwa sababu kwenye ploti ndogo nafasi yake ni finyu. Hutaga mayai 10 hadi 15, akaatamia, akalea, kisha huanza tena. Kwa mwaka ni mayai 40 hadi 60. Kama nia ni mayai ya kuuza, humo hamna biashara. Lakini kama mama wa kuangulia hana mpinzani, na majike watano wa aina hii kwenye kona ya ua watakuangulia vifaranga bila stima. Kuna kuchi, yule mrefu wa Pwani mwenye miguu mikubwa, ambaye jogoo wake akipanda majike wa kawaida huongeza uzito. Yeye mwenyewe hutaga kidogo, tena majogoo wawili wa kuchi hawakai banda moja. Na kuku wa shingo tupu, ambaye wengine humcheka, hustahimili joto vizuri kuliko wenzake kwa sababu manyoya yake ni machache mwili mzima. Wa Brahma na Kochin mnaowaona kwenye simu ni mapambo. Anayetaka afuge kwa raha yake.

Sasa mfungue katoni. Vifaranga wa siku moja huja 100 kwa katoni yenye vyumba vinne. Kwa leya wa kahawia rangi hufuata jinsia: majike hutoka wa kahawia, madume hutoka weupe wenye umanjano. Madume hao hawana kazi kwa kiwanda cha mayai, na huwa wanapita mkononi mwa madalali wakauzwa bei ya chini kama broila. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha kirahisi na broila kwa rangi. Tazama miguu: ya broila ni minene na imeachana. Ukikosea, wiki ya 2 itakuambia, na wiki ya 6 utakuwa na kuku wa nusu kilo na kidogo aliyekula chakula cha broila. Kwa aina yoyote, chukua vifaranga watano bila kuchagua, uwageuze. Kitovu kiwe kimefunga na kikavu. Kitovu cheusi chenye uzi ni vifo vya siku ya 3 na ya 4. Umlaze kifaranga chali, asimame mwenyewe mara moja. Uzito uwe gramu 35 hadi 42.

Bruda, yaani mahali pa kuwapashia vifaranga joto, iwe imewaka tayari saa kadhaa kabla hawajafika, nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, ukipunguza 2 au 3 kila wiki. Wanaotumia jiko la makaa wahakikishe moshi na hewa chafu vina pa kutokea. Makaa yasiyoonekana kuwa na moshi ndiyo huua katoni nzima usiku mmoja, na mlinzi aliyelala humo pia.

Chanjo hufanana kwa aina zote zinazokaa muda mrefu: Nyukaso (Newcastle, au kideri) wiki ya kwanza, ugonjwa wa Gumboro karibu na siku ya 14 na kurudia wiki ya 3, ndui ya kuku wiki ya 6, taifodi ya kuku wiki ya 8, na Nyukaso tena wiki ya 8 na ya 18. Daktari wa mifugo wa wadi atawarekebishia tarehe kulingana na magonjwa yaliyopo mtaani. Kinachowashinda watu ni maji. Maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, na klorini huua chanjo ya kunywa ndani ya chombo. Weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2 na nusu kwa lita, subiri kidogo ndipo uchanganye chanjo. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, na chanjo iishe ndani ya saa 2. Anayechanja asubuhi na kuacha chombo juani mpaka jioni amewapa kuku maziwa.

Kuhusu kibali, kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015, na mfugaji huhitaji leseni. Fikeni ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo kabla jirani hajafika kulalamikia harufu.

La mwisho ni kalenda, kwa wanaolenga Krismasi. Broila walioingia tarehe 10 Novemba hutimiza siku 42 tarehe 22 Desemba, na katikati hapo hamna baridi ya kuwasumbua. Agizeni Septemba, kwa sababu kufikia Novemba viwanda huwa vimejaa oda na dalali ndiye huja na katoni. Jogoo wa Kuroiler au wa KALRO wa kuuzwa Desemba lazima aingie katikati ya Julai, mwezi wa baridi kali kuliko yote hapa, kwa hiyo ongezeni makaa au stima kwenye bajeti ya wiki nne za kwanza kabla ya kulipa arubuni. Tunapokea maswali, na tuanze na wale waliosimama.